Goneril, Binti wa Nyuso Mbili

Katika lugha yetu, mtu amsifuye mwenziwe mbele ya macho yake na kumteta kisogoni huitwa ndumilakuwili, kwa jina la yule nyoka asemwaye kuwa ana kichwa huku na huku. Kila taifa lina hadithi ya mtu wa namna hii. Kwa Waingereza mmoja wa wanaojulikana sana ni Goneril, binti mkubwa wa Mfalme Lear. Hadithi yake imesimuliwa kwa muda wa karibu miaka 900, na kila zama zimemchora upya. Katika insha hii tutazifuata picha hizo kwa taratibu ya miaka, tupate kujua uso wake wa pili ulitoka wapi.

Mtu wa kwanza ajulikanaye kuiandika habari hii ni Geoffrey wa Monmouth, mwanachuoni aliyetunga kwa Kilatini, kiasi cha mwaka 1136, kitabu cha wafalme wa kale wa Britania. Geoffrey alimweka Lear karne nyingi kabla ya kuzaliwa Kristo. Wanahistoria wa leo hawakubali kwamba mfalme huyo alipata kuishi, na sehemu kubwa ya kitabu kile wanaihesabu kuwa ni ngano. Lakini ngano nayo ina faida kwa mwanahistoria. Haimwambii mambo ya mfalme asiyekuwako; humwambia mambo ya watu walioisimulia, yaani walipenda nini na waliogopa nini.

Kisa chenyewe ni hiki. Mfalme mzee, asiye na mtoto wa kiume, alikuwa na mabinti watatu: Goneril, Regan na Cordelia. Uzee ulipomlemea aliazimu kuwagawia ufalme, lakini kwanza alitaka kusikia ni nani ampendaye zaidi, ili huyo apate fungu lililo bora. Goneril aliapa kwamba alimpenda baba yake kuliko roho yake mwenyewe. Regan naye akala kiapo mfano wa hicho. Cordelia, aliye mdogo wao, alikataa kushindana, akasema kuwa alimpenda kama binti apaswavyo kumpenda baba, basi. Mfalme alighadhibika akamnyima urithi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini siku ile, mbele ya kiti cha enzi, kilichojitembeza ndicho kilichonunuliwa.

Baada ya hapo mambo yaligeuka. Kwa masimulizi ya Geoffrey, mzee alipelekwa kukaa kwa Goneril pamoja na wapanda farasi 60. Baada ya miaka miwili Goneril akalalamika kuwa watu hao ni wengi na wana fujo, akawapunguza hata wakawa 30. Mzee alihamia kwa Regan kwa hasira. Regan akamwachia watano tu. Aliporudi kwa Goneril aliambiwa kwamba hatapokewa isipokuwa na mtu mmoja. Ndipo alipovuka bahari kwenda Gaul, nchi ambayo sehemu kubwa yake ndiyo Ufaransa ya sasa, kwa Cordelia, aliyekuwa ameolewa na mfalme huko. Cordelia alimpokea kwa heshima, akarudi naye pamoja na jeshi, na mzee akakalia tena kiti chake mpaka alipokufa.

Katika masimulizi haya ya kwanza Goneril ni binti mwenye tamaa na asiye na shukrani, wala hatuelezwi mengi zaidi ya hayo. Kisa kikaingia katika vitabu vingine vya tarehe, kama kile cha Raphael Holinshed kilichochapishwa mwaka 1577, kisha kikapanda jukwaani. Mwaka 1605 ulichapwa mchezo wa Mfalme Leir ambao mtungaji wake hajulikani. Humo mshauri mmoja wa mfalme awavujishia mabinti wakubwa siri ya mtihani kabla ya siku yake, nao wapata nafasi ya kuyapanga maneno yao matamu. Hivyo unafiki wao wawa njama iliyotengenezwa mapema.

Kiasi cha wakati huo huo William Shakespeare, ambaye Mwalimu Julius Nyerere alizifasiri tamthilia zake mbili kwa Kiswahili, aliitunga tamthilia yake ya Mfalme Lear. Ilichezwa mbele ya Mfalme James katika jumba la Whitehall tarehe 26 Desemba 1606. Kwa desturi ya siku zile wanawake hawakuruhusiwa jukwaani katika michezo ya namna hiyo, na sehemu zao zilichezwa na wavulana. Kwa hiyo Goneril aliyeonekana usiku ule alikuwa mvulana aliyevikwa nguo za binti wa kifalme.

Shakespeare aliiondoa ile siri iliyovuja. Goneril wake aulizwa ghafla mbele ya baraza zima, naye ajibu papo hapo kwa maneno yenye mizani na mapambo. Lakini mara baraza linapoondoka na kubaki yeye na Regan, lugha yake yabadilika ikawa ya kawaida, kavu, kama ya mtu anayehesabu mali. Wawili hao wanena juu ya uzee wa baba yao, hasira zake za ghafla, na jinsi alivyomfukuza bila busara binti aliyempenda kuliko wote. Tazama jambo hili, msomaji: uso wa kwanza wa Goneril wasema uongo, na uso wa pili wasema kweli. Alijua vizuri kwamba baba yake amekosa, lakini kweli hiyo aliiweka akiba mpaka ilipoweza kumfaa yeye mwenyewe.

Watazamaji wa mwaka 1606 walikuwa na sababu ya kutetemeka. Mwaka 1603 Mfalme James wa Uskoti alikuwa amerithi pia kiti cha Uingereza, naye alitamani sana nchi hizo mbili ziunganishwe kabisa. Mwanawe mkubwa, Henry, alikuwa na cheo cha Mtawala wa Cornwall, na mdogo wake, Charles, cheo cha Mtawala wa Albany. Hivyo ndivyo vyeo vya waume wa Regan na Goneril katika tamthilia. Basi kuona jukwaani ufalme ukikatwa vipande na kugawiwa Albany na Cornwall hakukuwa mchezo mtupu.

Mwaka 1603 lilitokea pia jambo katika nyumba ya mzee mmoja wa Kent, Brian Annesley, aliyepata kumtumikia Malkia Elizabeth. Naye alikuwa na mabinti watatu. Mkubwa wao na mumewe walitaka mzee atangazwe kuwa amerukwa na akili, ili mali yake iwekwe chini ya uangalizi. Mdogo, aliyeitwa Cordell, alimwandikia barua waziri mkuu wa mfalme, Robert Cecil, kumtetea baba yake. Mzee alipofariki mwaka 1604 wasia wake ulipingwa, lakini ukathibitishwa. Haijathibitika kwamba Shakespeare aliijua habari hii. Hata hivyo, yatuonyesha kwamba hofu ya wazazi juu ya watoto na urithi haikuwa ya ngano peke yake.

Mwaka 1681 Nahum Tate aliiandika upya tamthilia hiyo, akaipa mwisho wa furaha: Lear aokoka, Cordelia aolewa, na dada wawili waovu wapeana sumu wao kwa wao. Watu walipendezwa kuona uovu ukilipwa na wema ukituzwa, na mchezo wa Tate ukatawala majukwaa ya Uingereza kwa zaidi ya miaka 140. Mwaka 1823 Edmund Kean alijaribu kuurudisha mwisho wa msiba, na mwaka 1838 William Charles Macready akayarudisha maneno ya Shakespeare jukwaani, ingawa aliyafupisha.

Zama zetu nazo zimemtazama Goneril kwa jicho jingine. Mwaka 1962 Peter Brook aliuonyesha mchezo huo kwa namna ambayo wapanda farasi wa Lear walikuwa wahuni kweli, wakipindua meza na kuvunja vyombo. Watazamaji wakaona kwamba malalamiko ya mwenye nyumba hayakuwa ya bure. Mwaka 1991 mwandishi wa Kimarekani, Jane Smiley, alikihamishia kisa hiki katika shamba la jimbo la Iowa, na msimulizi akawa binti mkubwa mwenyewe.

Je, tumwachilie Goneril? Hasha. Katika Shakespeare yeye ndiye anayetaja kwanza kwamba mzee Gloucester ang'olewe macho. Ndiye anayemwua ndugu yake kwa sumu kwa sababu ya mwanamume. Kisha ajiua kwa mkono wake mwenyewe. Kueleza chanzo cha uovu si kuutetea. Lakini chanzo chafaa kujulikana. Lear aliuweka ufalme mnadani na kutaka ulipwe kwa sifa. Hata alipokuwa akinyang'anywa watu wake hakujifunza: Regan aliposema atapokea 25 tu, Lear alimgeukia Goneril aliyetaja 50, akidhani kwamba kwa kuwa hesabu ni mara mbili, mapenzi nayo ni mara mbili. Mtu apimaye mapenzi kwa hesabu na kwa maneno atawapata watu wajuao hesabu na maneno.

Maneno matamu, walisema wazee, humtoa nyoka pangoni. Lakini nyoka wetu wa vichwa viwili hawi na nguvu mpaka apate mwenye kiti anayezipenda sifa kuliko kweli. Mkuu wa nyumba, wa shule au wa nchi akiwatunza wamsifuo na kuwafukuza wamwambiao kweli, asishangae siku moja akijikuta nje katika tufani, malango yamefungwa nyuma yake. Goneril alistahili lawama zote alizotupiwa na waandishi wa karne hizi tisa. Lakini mlango alioingilia ulifunguliwa na baba yake, siku alipouliza swali ambalo mtu mwaminifu hakuweza kulijibu apate faida.