Mzee wa 1928 Aliyezaliwa 2028

Wasee, nianze na kisa. Mwaka jana nilipata kakibarua kwa sacco moja, sitaitaja. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda, na beshte yangu akaniambia kuna watu wanatafuta mtu wa kusafisha data. Sacco ilikuwa inatoka kwa mfumo wa zamani kuingia mpya, na kabla ya kuhama lazima rekodi za wanachama zipitiwe moja moja. Mimi nikajua hiyo ni kazi ya kunakili na kubandika tu. Siku ya pili nikakutana na mzee ambaye alikuwa bado hajazaliwa.

Kwa faili ya zamani, mwaka wake wa kuzaliwa ulikuwa tarakimu mbili tu: 28. Nikaiingiza kwa Excel, ikasoma 2028. Kawaida Excel inachukua 00 hadi 29 kama miaka ya 2000, na 30 hadi 99 kama miaka ya 1900. Kwa hivyo aliyezaliwa 1930 yuko sawa, lakini wa 1928 bado anangojewa hospitalini. Nilicheka sana. Halafu nikajiuliza, nani aliamua mwaka uandikwe hivi? Hilo swali lilininyima usingizi wiki nzima.

Kumbe stori inaanza na karatasi. Kabla ya diski, data ilitobolewa kwa kadi. Kadi maarufu ya IBM ilitoka 1928, mwaka uleule wa huyo mzee wetu, na ilikuwa na safu 80. Jina, namba, pesa, tarehe, vyote vitoshee hapo. Ukiandika 19 kwa kila tarehe, umetupa nafasi mbili bure. Hata kompyuta zilipokuja, mambo hayakubadilika haraka. IBM 1401 ya mwaka 1959, ile ya chini kabisa, ilikuwa na memori ya herufi 1,400. Hii posti yenyewe haingetosha ndani. Kwa hivyo usiwatukane hao watu. Walikuwa wanabana matumizi vile mama anabana unga mwisho wa mwezi. Walidhani kufika 2000 programu zao zitakuwa zimetupwa kitambo. Hazikutupwa. Benki, bima na hospitali ziliendelea kujenga juu yake, gorofa baada ya gorofa.

Kuna mtu aliona mapema. Bob Bemer, mmoja wa waliochangia lugha ya COBOL, alionya hadharani tangu 1971. Hakuna aliyeshtuka. Mwaka 1992 huko Minnesota, Marekani, bibi wa miaka 104 alialikwa kujiunga na chekechea, kwa sababu kompyuta ilitafuta waliozaliwa mwaka 88. Watu walicheka, kama mimi na mzee wangu. Mwaka 1993 Peter de Jager akaandika makala kwa gazeti la Computerworld kueleza kwamba hii kitu italeta balaa. Hapo ndipo wakubwa walianza kusikia.

Kilichofuata ndicho kilinibamba, kwa sababu ni kazi ileile ya kwa sacco, ila kwa ukubwa wa dunia. Gartner walikadiria gharama kati ya dola bilioni 300 na bilioni 600. Wazee wa COBOL waliokuwa wamestaafu waliitwa kazini tena. Unaanza kwa kuorodhesha kila mahali tarehe inapokaa. Unatengeneza nakala. Unasukuma saa ya nakala mbele hadi usiku wa tarehe 31 Desemba 1999, unaona nini kinavunjika. Kurekebisha kulikuwa na njia mbili kuu. Ya kwanza, ongeza tarakimu ziwe nne, ghali lakini imara. Ya pili, wacha mbili halafu uiambie programu namba fulani kushuka chini ni 2000, juu yake ni 1900. Hiyo ya pili ndiyo ile ya Excel. Kwa maneno mengine, mzee wangu alikuwa ameumizwa na dawa ya ugonjwa wa zamani.

Usiku ukafika. New Zealand ikavuka, stima zikabaki. Nairobi ikavuka masaa matatu kabla ya London. Ndege hazikuanguka. Asubuhi dunia ikasema: si mliona, ilikuwa uongo, walikuwa wanakula pesa tu.

Hapo ndipo mimi nakataa. Kweli, kuna hoja ya maana upande ule: nchi kama Italia zilitumia kidogo na hazikuungua. Lakini nyingi kati ya hizo hazikutegemea kompyuta vile Marekani na Uingereza zilitegemea, na zilitumia programu ambazo wengine walikuwa wameshazirekebisha. Majirani zako wote wakichanjwa, hata wewe usiyechanjwa unaweza kupona.

Na mahali ambapo kosa lilipenya, halikuwa mzaha. Sheffield, Uingereza, kompyuta ya maabara ya hospitali ilikuwa inakadiria hatari ya mtoto kuzaliwa na Down syndrome, na umri wa mama ni sehemu ya hiyo hesabu. Kuanzia Januari hadi Mei 2000 ilikosea umri. Wajawazito 154 waliambiwa hatari yao ni ndogo ilhali haikuwa hivyo. Mimba nne kati ya hizo zilikuwa zimeathirika. Tarakimu mbili, jameni.

Turudi kwa sacco. Wiki ya tatu nilikuta wanachama wawili wana namba moja ya kitambulisho. Mfumo wa zamani ulivumilia. Mpya ungewaunganisha wawe mtu mmoja. Mmoja alikuwa kijana wa bodaboda, mwingine mama wa sokoni aliyeweka akiba tangu 1994. Ningeweza kufuta rekodi moja, faili ingekuwa safi, hakuna mtu angejua. Hata SQL Server ina amri ya kurekebisha ambayo jina lake lenyewe linakubali kwamba data inaweza kupotea. Kurekebisha na kufuta ni majirani wa karibu sana.

Nikapiga simu. Mama akaja na kitabu chake kimefungwa kwa karatasi ya nailoni, kila risiti ndani. Tukalinganisha. Ilikuwa tarakimu moja, mtu aliandika 3 badala ya 8. Nikasahihisha, akaniambia, “Asante mwanangu, hiyo ndiyo karo ya wajukuu,” akarudi sokoni kuuza nyanya.

Siku ya kuhama kila kitu kilienda poa. Na meneja akaniambia nini? “Kumbe hii kitu ilikuwa rahisi.” Wakakata malipo yangu karibu nusu, ati hakukuwa na shida yoyote. Nilikasirika, lakini nikaelewa wale watu wa 1999. Ukifanya hii kazi vibaya unafutwa, ukiifanya vizuri unaambiwa haikuhitajika.

So msimamo wangu ni huu. Kama una duka, chama, kanisa au kampuni na unabadilisha mfumo, lipa mtu aangalie data kwanza. Tengeneza nakala, na ujaribu kuirudisha, kwa sababu nakala ambayo haijawahi kurudishwa ni matumaini tu. Tafuta namba zinazojirudia na tarehe za kushangaza. Kumbuka wazee wengi wetu wameandikwa 1 Januari kwa sababu hakuna aliyejua siku kamili, kwa hivyo tarehe zikifanana usikimbilie kuunganisha watu. Na kabla ya kufuta, piga simu.

Tena hii stori haijaisha. Tarehe 19 Januari 2038, mifumo inayohesabu sekunde kutoka 1970 kwa biti 32 itajaa na kuruka nyuma hadi 1901. Wengi wetu tutakuwa thelathini na kitu, ndio tumeshika hizo kazi.

Ikifika 2038 na kusiwe na shida, tafadhali usicheke. Uliza ni nani hakulala, na kama alilipwa.