Kabla mpige hicho kitabu marufuku, skizeni hii

Kila mara riwaya ama series ya vijana ikigusa mambo ya msongo wa mawazo na kujitoa uhai, kelele huwa ni ile ile. Mzazi anasema itaharibu watoto. Mwalimu anainyakua kutoka kwa dawati. Halafu vijana wanaitafuta hata zaidi, si mnajua vile tuko. Wengi hudhani hii vita ni ya juzi, ilikuja na simu. Zii. Ina miaka 250 na ilianza Ujerumani.

Mwaka wa 1774, kijana wa miaka 25 anayeitwa Johann Wolfgang von Goethe alitoa riwaya kuhusu Werther, jamaa anayempenda msichana ambaye tayari ana mchumba. Mapenzi yanamkataa, moyo unamlemea, na mwishowe anajitoa uhai. Kitabu kikashika moto Ulaya nzima. Vijana wakaanza kuvaa kama Werther: koti ya bluu na kizibao cha manjano. Hiyo ndiyo ilikuwa trendi yao.

Wazee wakaogopa. Mwaka wa 1775, mji wa Leipzig, huko huko kilikochapishwa, ulikipiga marufuku. Hata kuvaa kama Werther kukakatazwa. Je, ilisaidia? Kitabu kiliendelea kutafsiriwa na kusomwa. Mwaka wa 1808, Napoleon mwenyewe alikutana na Goethe mjini Erfurt na wakakijadili.

Lakini tusiwacheke hao wazee haraka hivyo, kwa sababu hofu yao ilikuwa na msingi. Mwaka wa 1974, mtafiti Mmarekani David Phillips alichunguza habari za watu waliojitoa uhai zilizowekwa ukurasa wa kwanza wa gazeti. Aligundua kwamba baada ya habari kama hizo, idadi ya vifo vya aina hiyo ilipanda. Akaupa mtindo huo jina la Werther. Yaani stori inaweza kumsukuma mtu ambaye tayari anayumba, hasa kama inaonyesha njia aliyotumia mhusika, ama inafanya kifo kionekane kama ushindi.

Watu wengi husimamia hapo. Wanasema, basi tunyamaze. Lakini kuna nusu ya pili ya hii historia ambayo hatuambiwi.

Twende Vienna, Austria. Mwaka wa 1791, Mozart alitoa opera ambayo ndani yake kuna mshika ndege anayeitwa Papageno. Naye anaamini amempoteza mpenzi wake, na anaamua kufa. Hapo wanatokea vijana watatu wanaomzuia na kumkumbusha kwamba ana kengele zake. Anazipiga, na mpenzi wake anakuja. Uchungu wa Papageno unafanana sana na wa Werther, ila yeye alipata watu wa kumwambia, ngoja kwanza.

Karibu miaka 200 baadaye, mji huo huo ulikuwa na shida ya watu kujitoa uhai kwenye reli za chini ya ardhi. Mwaka wa 1987, wataalamu waliwapa waandishi wa habari mwongozo: habari zisikuzwe, na njia zisielezwe. Visa hivyo vikashuka sana. Kisha mwaka wa 2010, Thomas Niederkrotenthaler na wenzake walitoa utafiti kuhusu magazeti ya Austria. Waliona kwamba habari za mtu aliyewaza kujitoa uhai, lakini akapata njia ya kuvumilia na kuendelea kuishi, ziliendana na vifo kupungua. Wakauita mtindo huo jina la Papageno.

Umeshika? Stori inaweza kubomoa na stori inaweza kuokoa. Tofauti ni vile inasimuliwa. Jay Asher alitoa Thirteen Reasons Why mwaka wa 2007. Netflix ilipoifanya series mwaka wa 2017, ilionyesha kifo cha mhusika waziwazi, na wataalamu wakalalamika sana. Julai 2019 hiyo sehemu ikaondolewa. Series yenyewe ilibaki. Kwa maoni yangu, huo ndio uamuzi uliofaa kuchukuliwa tangu siku ya kwanza: ongea kuhusu maumivu, wacha kuonyesha njia.

Sasa tuje nyumbani. Stori ya Papageno inahitaji kitu kimoja: mtu aliyepitia, akabaki hai, na anaweza kuongea. Kenya tulimfunga huyo mtu mdomo kisheria. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, tulichorithi kutoka kwa sheria za mkoloni, kilisema kujaribu kujitoa uhai ni kosa. Waingereza wenyewe walifuta sheria yao mwaka wa 1961. Sisi tukabaki na yetu. Ebu fikiria: umeponea, uko hospitali, na badala ya kuulizwa unaumwa wapi, unaweza kupelekwa kortini. Nani angesimulia stori yake hapo? Ndiyo maana tulijaa matanga yenye minong'ono, na tukakosa ushuhuda wa walioponea.

Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Hiyo siku ilistahili kelele kuliko vile ilipata. Lakini korti haiwezi kuondoa aibu kwa mioyo yetu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua, na bado tunaficha. Mtoto akisema amechoka na maisha, anaambiwa aombe, aache uvivu, ama anatafuta kiki.

Kwa hivyo, mwalimu, usinyakue hicho kitabu tu. Kisome, halafu uulize darasa: huyu mhusika angeweza kuambia nani? Ninyi mnaoandika na kutengeneza video, mhusika wenu akianguka, mwonyesheni mlango, hata kama hataingia. Na wewe ukiona beshte ameanza kujitenga ama kugawa vitu vyake, muulize wazi kama anafikiria kujitoa uhai. Wataalamu wanasema kuuliza hakumpandikizii wazo. Kunampa nafasi ya kupumua.

Na kama ni wewe unasoma hii ukiwa umelemewa, piga 1199, laini ya ushauri ya Msalaba Mwekundu, ama 116 ikiwa hujafika miaka 18. Ni bure. Goethe aliandika Werther moyo wake ukiwa na kidonda cha mapenzi. Yeye aliishi hadi 1832, akiwa na miaka 82. Werther wanamkumbuka, lakini vitabu vyote ambavyo Goethe aliandika baada ya hapo viliandikwa kwa sababu mwandishi alibaki.

Baki. Bado tunahitaji stori yako.