Litowa: Kijiji Kilichoitangulia Sera

Katika historia ya vijijini Tanzania, neno "ujamaa" limebeba maana mbili ambazo mara nyingi huchanganywa, ingawa zilikuja kwa nyakati tofauti na kwa njia zisizofanana. Maana ya kwanza ni ile ya watu wachache wenye nia moja, walioamua kwa hiari yao kuhamia mahali pamoja, kulima shamba moja na kugawana kilichopatikana. Maana ya pili ni ile ya mpango wa dola, uliowahamisha mamilioni ya wakulima katika miaka ya 1970 ili wakae kwenye vijiji vilivyopangwa. Wazee wengi wanaoikumbuka maana ya pili hawakupata kuiona ya kwanza, kwa kuwa ile ya kwanza ilikuwa imekwisha kupigwa marufuku, katika sehemu yake iliyostawi kuliko zote, kabla ya malori ya kuhamisha watu kuanza safari zake. Sehemu hiyo ilikuwa Ruvuma, na kijiji kilichoanza kilikuwa Litowa, katika Songea.

Ungoni, yaani nchi ya Wangoni inayozunguka mji wa Songea, haikuwa nchi tajiri wakati ukoloni ulipokuwa ukielekea ukingoni. Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 viliacha njaa na makaburi, na serikali ya Wajerumani iliwanyonga viongozi wa Wangoni waliopigana nayo. Baadaye, chini ya Waingereza, mkoa huu wa kusini uligeuzwa kuwa ghala la nguvukazi, ambapo vijana walisajiliwa kwa mkataba, wakapelekwa kukata mkonge katika mashamba ya Tanga na kwingineko, wakarudi baada ya miezi mingi na blanketi, baiskeli na fedha kidogo. Tumbaku iliyokaushwa kwa moshi ndiyo iliyoleta fedha kwa waliobaki nyumbani, na kwa ajili yake kiliundwa chama cha ushirika cha Ngomat, kilichounganisha Wangoni na jirani zao Wamatengo. Ushirika huo, hata hivyo, ulikuwa wa kuuza tu: kila mkulima alilima peke yake, akapeleka robota zake ghalani, akalipwa peke yake.

Kushirikiana katika kazi yenyewe hakukuwa jambo geni. Wamatengo walikuwa na sengu, baraza la ukoo ambamo wanaume wa nyumba kadhaa walikula pamoja na kuzungumzia mambo ya familia, na walikuwa pia na ngokela, yaani kazi ya kusaidiana shambani kwa zamu. Mila za aina hii zimetajwa mno na wanasiasa, hata kufikia hatua ya kudaiwa kwamba Mwafrika alizaliwa mjamaa na hakuhitaji kufundishwa, dai ambalo historia ya Litowa hailiungi mkono kwa urahisi. Ngokela ilimsaidia mtu kulima shamba lake mwenyewe, na jioni kila mmoja alirudi kwake. Kuwa na shamba lisilo la mtu, ghala lisilo la mtu na hesabu inayosomwa mbele ya wote ni jambo jingine, na vijana wa Litowa walilazimika kulibuni hatua kwa hatua.

Vijana hao walikuwa wanachama wa Umoja wa Vijana wa TANU, chama kilichokuwa kikidai uhuru wa Tanganyika, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, na mwaka 1960, kabla hata ya Uhuru, waliingia porini Litowa wakiwa na majembe na ari. Jaribio hilo la kwanza lilishindwa, na sababu ya kushindwa kwake inastahili kuelezwa kwa kirefu kuliko hotuba zote zilizotolewa baadaye, kwa kuwa ndani yake mna somo lote la jinsi kijiji kinavyozaliwa. Songea ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza karibu na Novemba na kumalizika Aprili au Mei. Mahindi yaliyopandwa kwa mvua za kwanza hayaliwi mabichi hadi Machi, na hayavunwi makavu hadi Mei au Juni. Kwa hiyo mtu anayeingia msituni kufyeka miombo anahitaji kula kwa zaidi ya nusu mwaka kabla shamba lake halijampa chochote, na kazi anayoifanya katika miezi hiyo, ya kukata miti, kung'oa visiki, kupanda na kulinda mimea dhidi ya nguruwe pori na ngedere, ndiyo kazi nzito kuliko zote atakazopata kuzifanya. Wazazi wao kijijini walikuwa na vihenge, yaani maghala ya nafaka, vilivyojazwa kwa mavuno ya mwaka uliotangulia. Vijana wa Litowa hawakuwa na kihenge. Njaa iliwarudisha.

Waliporejea kwa mara ya pili, walikuja na mpango wa chakula. Millinga alikuwa amepitia Chuo cha Kivukoni, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961 ili kuwafunza viongozi wa TANU na wa vyama vya wafanyakazi, lakini ni vigumu kuamini kwamba darasa lolote lilimfundisha zaidi ya ule msimu wa kwanza.

Wakati huohuo serikali ilikuwa na njia yake. Kwa kufuata ushauri wa Benki ya Dunia, Tanganyika huru ilianzisha skimu za makazi, yaani mashamba mapya yaliyopimwa na wataalamu, yenye matrekta, nyumba za bati na mameneja walioajiriwa, ambayo walowezi waliochaguliwa wangepelekwa wakayaendeshe kisasa. Kila skimu ilikadiriwa kugharimu karibu pauni 150,000, fedha ambazo zilihesabiwa kuwa mkopo wa walowezi, ingawa walowezi wenyewe hawakuulizwa kama wanataka trekta. Wengi wao walijiona kuwa vibarua wa serikali, wakasubiri posho, na trekta lilipoharibika walisubiri fundi. Mwaka 1966 serikali ilitangaza kuachana na mpango huo. Litowa, iliyoanza na majembe, haikuwa na deni la aina hiyo, na hilo halikutokana na busara ya kiuchumi. Ilikuwa tu kwamba hakuna mtu aliyewaona vijana wale kuwa wanastahili kukopeshwa.

Utaratibu wa kazi Litowa ulijengwa juu ya mkutano. Wanakijiji wote walikutana kupanga kazi, wakachagua viongozi wao, wakasikiliza hesabu na kuamua mavuno yatumikeje: kiasi gani kiliwe, kiasi gani kiuzwe, na fedha iliyopatikana inunue nini. Mkutano wa namna hiyo huchosha, hasa kwa watu waliotoka shambani, na si kila aliyekuja Litowa aliweza kuuvumilia. Wapo waliojiunga na kuondoka, nao hawakuzuiwa. Kilichowabakiza waliobaki ni kwamba uamuzi uliofikiwa kwa uchovu ulikuwa wao, kiasi kwamba mwenye kulalamikia palizi ya wiki hii alikuwa amekwisha kuipigia kura wiki iliyopita. Wanawake walikaa katika mikutano hiyo na kuzungumza, jambo ambalo katika mabaraza ya kawaida ya enzi hizo halikuzoeleka, na utunzaji wa watoto wadogo ukafanywa kuwa kazi ya kijiji, ikapangiwa watu wake kama kazi nyingine yoyote, ili mama aende shambani bila mtoto mgongoni.

Shule ya Litowa, iliyoongozwa na Mwalimu Suleman Toroka, ilikwenda mbali zaidi. Shule za msingi za wakati huo zilikuwa ngazi ya kutoka kijijini: mtoto alisoma ili afaulu mtihani, aende sekondari, apate kazi ya ofisini, na aliyeshindwa alirudi nyumbani kwa aibu, mikono yake ikiwa imesahau jembe. Litowa ilikusanya watoto kutoka vijiji vingine vilivyokuwa vimefuata mfano wake na kuwafundisha kama wakulima watakaoendesha vijiji hivyo. Wanafunzi walikuwa na shamba lao, walipanga kazi zao katika kamati zao wenyewe, na hesabu waliyoijifunza darasani waliitumia kupima shamba na kugawa mbegu. Rais Julius Nyerere alipotoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, aliyoyaandika kuhusu shamba la shule na wanafunzi kushiriki katika maamuzi tayari yalikuwa yakifanyika Litowa, ijapokuwa katika shule nyingi za nchi waraka huo uliishia kuwa kazi ya kulima shamba la mwalimu mkuu.

Vijiji viliongezeka. Matetereka na Njoomlole, kijiji ambacho jina lake ni mwaliko wa kuja kutazama, vilikuwa miongoni mwa vya mwanzo, na mwaka 1963 vikaunganishwa katika Chama cha Maendeleo ya Ruvuma, kilichojulikana zaidi kwa herufi zake za Kiingereza, RDA. Mshauri wake alikuwa Ralph Ibbott, Mwingereza aliyesomea ukadiriaji wa gharama za majengo, ambaye pamoja na mkewe Noreen alikuwa ametoka katika shamba la misheni la St Faith's, Rhodesia ya Kusini, ambako weusi na weupe walijaribu kuishi na kulima pamoja chini ya serikali ya kibaguzi. Chama hakikuwa na mamlaka ya kukiamuru kijiji. Kazi yake ilikuwa kuviwezesha vijiji kufanya kwa pamoja yale ambayo kimoja hakikuyaweza, na kwa msaada wa wafadhili wa nje kilipata mashine ya kusaga na kiwanda cha kupasua mbao. Kilikuwa pia na kikundi cha watu wenye uzoefu, kilichoitwa SERA, waliokwenda kukaa katika kijiji kipya kwa muda, wakafanya kazi na wenyeji, kisha wakaondoka. Kijiji kipya hakikusajiliwa kwa sababu ofisa amefika na karatasi. Kilianza watu wake walipokuwa tayari, na hiyo ndiyo sababu idadi ya vijiji haikukua haraka, kwani hadi 1969 vilikuwa vijiji 17 tu.

Kwa nchi iliyokuwa na haraka, idadi hiyo ilionekana ndogo. Azimio la Arusha, lililoifanya ujamaa kuwa siasa ya nchi, lilitangazwa Februari 1967, na Septemba mwaka huohuo Nyerere akatoa waraka wa Ujamaa Vijijini, ulioeleza hatua kwa hatua jinsi wakulima wanavyoweza kuhamia pamoja, kuanza na shamba dogo la ushirika na kulipanua kadiri imani inavyokua, huku waraka ukisisitiza kwamba mtu asilazimishwe. Nyerere alikuwa miongoni mwa waliokiunga mkono chama cha Ruvuma, na yeyote anayeusoma waraka huo huku akiijua Litowa hukutana na mengi anayoyatambua. Tatizo lilianza pale kilichofanywa na wakulima kilipogeuka kuwa lengo la viongozi, kwa maana lengo la kiongozi hupimwa kwa idadi, na ofisa wa wilaya aliyeulizwa ana vijiji vingapi vya ujamaa hakuweza kujibu kwamba watu wake bado wanakutana.

Kwa viongozi wa mkoa, RDA ilikuwa tatizo la aina nyingine. Hapa palikuwa na wakulima waliojichagulia viongozi, walioamua wenyewe walime nini na wauze nini, na waliozoea kumwuliza mgeni yeyote swali, hata akiwa amekuja na bendera kwenye gari. Walikuwa na uhusiano na Ikulu bila kupitia ofisi ya mkoa, walikuwa na washauri Wazungu katika mkoa uliopakana na Msumbiji, ambako vita vya FRELIMO dhidi ya Wareno vilikuwa vikiendelea tangu 1964, na walikuwa na fedha zisizopita katika hazina ya chama tawala. Yawezekana kila moja ya hoja hizo ilikuwa na uzito wake, lakini zote zinarudi kwenye jambo moja: TANU ilikuwa chama pekee cha siasa Tanzania Bara, na chombo cha watu kilichojiendesha bila amri yake, hata kama kilikuwa kikitekeleza siasa yake kuliko chama chenyewe, kilionekana kuwa mpinzani.

Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliamua kuivunja RDA, na kwamba tangu siku hiyo vijiji vyote vya ujamaa viwe chini ya chama. Mali za RDA zilichukuliwa, walimu wa shule ya Litowa wakahamishiwa kwingine, na washauri wa kigeni wakaondoka nchini. Uamuzi huo ulifanywa Dar es Salaam, na wanavijiji wa Ruvuma hawakuulizwa katika mkutano wowote.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Mwaka 1973 TANU iliamua kwamba wakulima wote wawe wamehamia vijijini kufikia mwisho wa 1976, na Operesheni Vijiji ikapita mkoa kwa mkoa, mahali pengine kwa ushawishi, mahali pengine kwa kuchoma nyumba ili wenyewe wasirudi, mpaka vikawa vijiji zaidi ya 7,000, ambavyo vingi vilikuwa na mistari ya nyumba barabarani na shamba la ujamaa lililolimwa siku za kutembelewa. Sheria ya vijiji ya 1975 iliacha kudai kwamba kijiji kilichosajiliwa lazima kiwe cha ujamaa, jambo ambalo kwa namna fulani lilikuwa ni kukiri.

Matetereka haikuvunjika. Kwa kuwa ardhi ilikuwa yao na mkutano ulikuwa wao, wakazi wake walipoteza chama lakini hawakupoteza kijiji, wakaendelea kulima shamba la pamoja na kugawana mazao yake kwa miongo kadhaa, chini ya serikali ileile iliyoivunja RDA na hata baada ya sera yenyewe ya ujamaa kuachwa. Na watafiti waliofika huko katika miaka ya 1990, wakitarajia kukuta magofu ya historia, walikuta watu wako shambani.