Mfadhili mkubwa wa hifadhi ni nani?

Ni mtu au taasisi inayotoa mamilioni kwa mkupuo. Shirika la uhifadhi humfuatilia kwa miaka, humtembeza hifadhini, ndipo humwomba agharamie jambo moja mahususi.

Kwa mfano, huko Virunga, mashariki mwa Kongo, taasisi ya Mmarekani Howard Buffett iligharamia kituo cha umeme wa maji cha Matebe, kilichozinduliwa 2015. Kwa nini umeme? Kwa sababu miti mingi ya makaa yanayopikiwa Goma hukatwa humo hifadhini, wanamoishi sokwe wa milimani. Tunaona waliomba vizuri: umeme huuzwa, hivyo fedha huingia hata mfadhili akiondoka. Msaada wa mishahara ya askari wa wanyamapori huondoka naye.

Mradi ukifika kijijini kwenu, ulizeni: fedha hizi ni za kazi gani, na zinaisha lini?