Shule ya Macho: Wasaka Visukuku wa Turkana

Wakenya wengi wanaijua Lokitaung kwa gereza lake. Huko kaskazini mwa Turkana ndiko serikali ya kikoloni ilikowafungia Jomo Kenyatta na wenzake baada ya hukumu ya Kapenguria ya 1953. Lakini ukiteremka kutoka kwenye vilima vya Lokitaung kuelekea Ziwa Turkana, hadi Lomekwi na Nariokotome, unaingia katika historia nyingine: ya vibarua walioanza kazi ya kusaka visukuku bila kuijua, wakaja kuwa mabingwa wake.

Wa kwanza kutajwa ni Kamoya Kimeu, mzaliwa wa Ukambani. Alianza kama kibarua wa Louis na Mary Leakey huko Olduvai, Tanganyika, karibu na mwaka wa 1960. Chuo kikuu hakukanyaga. Isitoshe, kugusa mifupa ya wafu ulikuwa mwiko, na wengi waliiona kazi hiyo kuwa ni kufukua makaburi. Kimeu aliingia hivyo hivyo, akabaki.

Kazi yenyewe, kwa sehemu kubwa, ni kutembea. Mvua chache za Turkana huja kwa kishindo, zikamomonyoa miteremko na kuacha wazi vipande vilivyofukiwa kwa mamilioni ya miaka. Msakaji hupita polepole, kichwa chini, akitenga mfupa na jiwe kwa umbo, kwa mng'ao na kwa vitundu vidogo vya ndani. Anayeanza huona changarawe tupu. Mwenzake hapo kando anaona jino la nguruwe, kipande cha gamba la kobe, ncha ya mfupa wa paja. Akikiona kitu, hakiokoti. Anarundika mawe machache kuwa alama, kisha anawaita wengine, kwa sababu umri wa kisukuku husomwa kutoka kwenye tabaka la udongo kilimotoka. Kikihamishwa ovyo, ushahidi umepotea.

Hayo hufundishwa kwa kutembea bega kwa bega na anayejua. Kimeu alikuwa na akiba moja: alikuwa amechunga mbuzi utotoni, na mtoto wa wafugaji, aliyezoea kuona mbuzi wakichinjwa na kupasuliwa, huijua mifupa kabla hajaona kitabu cha anatomia. Mnamo 1964, huko Peninj karibu na Ziwa Natron, aliona taya la kiumbe wa kale wa jamii ya zamadamu. Msafara ule uliongozwa na Richard Leakey, mwana wa Louis na Mary, kijana wa miaka 19 ambaye naye hakuwa na shahada. Miaka mitatu baadaye, katika bonde la Omo nchini Ethiopia, Kimeu akapata mabaki ya binadamu wa aina yetu yaliyo miongoni mwa ya kale zaidi kujulikana.

Kuanzia hapo aliaminiwa kuongoza kikosi, na kikosi chake kikawa shule. Bernard Ngeneo alipata fuvu maarufu la namba 1470 huko Koobi Fora mnamo 1972. Peter Nzube alipata taya la zamadamu huko Kanapoi mnamo 1994. Kimeu mwenyewe, Agosti 1984, alitoka kutembea karibu na kambi ya Nariokotome siku ambayo wenzake walikuwa wakipumzika. Katikati ya kokoto nyeusi aliona kipande cha fuvu, cheusi vilevile, kidogo kama kiberiti. Uchimbaji uliofuata ulitoa kiunzi cha mvulana aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita, kiunzi kilichokamilika kuliko vyote vya zama zake.

Mwaka uliofuata Kimeu alipokea medali ya National Geographic kutoka kwa Rais Ronald Reagan. Hata hivyo, makala ya kisayansi iliyomtangaza mvulana huyo mnamo 1985 ilikuwa na waandishi wanne, na Kimeu hakuwa mmoja wao.

Wakati huo Waturkana wenyewe walikuwa wakiingia kazini, wakiwa na faida ya kuijua ardhi. Mnamo 1999, Justus Erus alipata huko Lomekwi fuvu lililopewa jina Kenyanthropus platyops, la miaka milioni 3.5. Julai 2011, kikosi cha watafiti Sonia Harmand na Jason Lewis kilipotea njia katika eneo hilo hilo, kikaamua kulipekua. Kabla ya chai ya jioni, Sammy Lokorodi alikuwa ameziona zana za mawe za miaka milioni 3.3, kongwe kwa miaka 700,000 kuliko zilizojulikana hapo awali. Mnamo 2014, huko Napudet, John Ekusi alikuwa amewatangulia wenzake waliokuwa wakirudi garini mikono mitupu. Yeye ndiye aliyeliona ardhini fuvu la nyani mchanga wa miaka milioni 13, ambalo leo linaitwa Alesi.

Makala ya zana za Lomekwi ilipotoka katika jarida la Nature mnamo 2015, Lokorodi alikuwa miongoni mwa waandishi wake 21. Hilo ni jambo kubwa kwa fani hii. Makala ya Alesi, iliyotoka 2017 katika jarida hilo hilo, haikumweka Ekusi kwenye orodha ya waandishi. Jicho linaloona kipande kidogo kama kiberiti kati ya maelfu ya kokoto limefunzwa kwa miaka, kama lilivyofunzwa jicho linalokisoma kipande hicho maabara. Kimeu alifariki mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya chuo kikuu cha Case Western Reserve cha Marekani kumtunuku udaktari wa heshima. Vijana wa Turkana wanaoanza kazi hii sasa wanastahili kutambuliwa mapema kuliko hapo awali: majina yao yaandikwe kwenye makala za vitu walivyovipata, na wanaotaka kusoma zaidi walipiwe karo, ili siku moja misafara ya Lomekwi na Nariokotome iongozwe na wenyeji wa huko.