Nyayo Pioneer: Ndinga ya Kenya Isiyowahi Kuingia Sokoni

Ukiwa Mombasa, ndinga karibu zote unazoona zimetoka ng'ambo. Bandari ya Kilindini inashusha mitumba ya Japan, Vitz juu ya Vitz. Ukiingia Mji wa Kale, pale Ndia Kuu, zinazopenya vizuri ni tuktuk, nazo asili yake ni India. Lakini wasee, mlijua Kenya iliwahi kuunda gari yake?

Ilikuwa 1986. Rais Moi aliwaambia wasomi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari, hata kama itakuwa mbaya na ya polepole. Mainjinia wakaingia kazini, na karakana za reli zikasaidia. Zikatoka gari 5 za majaribio, zikaitwa Nyayo Pioneer. Polepole wapi! Zilifika kilomita 120 kwa saa.

1990 zikazinduliwa Kasarani kwa mbwembwe. Nyayo Motor Corporation ikaundwa ili izitengeneze kwa wingi. Hapo kitumbua kikaingia mchanga: doo hakuna. Shirika likageuka kuwa Numerical Machining Complex, watu wa kuchonga vyuma na vipuri.

Halafu mitumba ikafurika kupitia Kilindini. Kusema kweli, hata kama chapaa ingepatikana, sidhani Pioneer ingeshindana na bei hizo. Hapo Miritini, ukishavuka kutoka kisiwani, kiwanda cha AVA bado kinaunganisha magari, ila ya majina ya kigeni.