Karata Tatu na Macho Mekundu

Abiria ashukaye Mwanza, ama kwa basi kutoka Shinyanga ama kwa meli kutoka Bukoba, aghalabu huwa na vitu viwili: mzigo na haraka. Watu wa namna hiyo ndio riziki ya mwenye karata tatu. Hana meza, ana boksi lililopinduliwa, kipande cha gazeti juu yake, na karata tatu zilizokunjwa kidogo katikati ili zishikike vyema. Mbili ni garasa nyeusi, moja ni nyekundu. Huionyesha ile nyekundu, akazitupa zote kifudifudi, akazihamisha huku na huku pasi na papara, kisha akauliza: iko wapi? Mtu wa kwanza huweka noti akashinda. Wa pili huweka noti akakosa, hali kila mtazamaji ameona karata ilipo. Mgeni naye ameiona. Hutoa fedha ya ada ya mtoto, au ya mbolea, na karata anayoifunua ni garasa.

Alisemalo baada ya hapo ndilo lenye kustahili historia. Ni nadra kusema, "Mkono wake ni mwepesi." Husema, "Ana dawa."

Dawa yenyewe ina vidole vitatu. Mwenye karata hushika mbili katika mkono mmoja, moja juu ya nyingine, na nyekundu huwa ya chini. Jicho, kwa mazoea yake yote ya kuona vitu vikianguka, hungoja ya chini itangulie. Mkono huiachia ya juu. Hila hufanyika mara hiyo moja tu. Uhamishaji unaofuata ni wa haki kabisa, na kwa hiyo mgeni akizidi kukodoa macho ndivyo anavyozidi kupotea. Wale walioshinda na kushindwa kabla yake ni washirika. Mmoja wao, mwenye karata akigeuka kutema mate, hukunja pembe ya ile nyekundu ili mgeni apate alama; mwenye karata, katika kuzitupa tena, huinyoosha pembe hiyo na kukunja ya garasa. Basi mgeni huweka fedha yake yote akiamini kuwa yeye ndiye anayeiba. Hapo pana ukatili ambao watu huusahau: mtu aliyeibiwa namna hiyo hana pa kushitaki, kwa kuwa mashitaka yake yangeanza na wizi alioukusudia mwenyewe.

Sheria nayo imekosea kulitaja jambo hili. Kanuni ya Adhabu, ambayo asili yake ni sheria ya Tanganyika ya mwaka 1930, humweka achezaye mchezo wa bahati kwa fedha mahali pa hadhara katika fungu moja na wazembe na wazururaji. Lakini katika karata tatu hapana bahati hata chembe.

Kiswahili kilizipokea karata kutoka kwa Wareno, na majina bado yanashuhudia: karata yenyewe, kopa, shupaza, uru, pau, na turufu. Karata zenye sura za watu zikaitwa wazungu, wakapewa hesabu: mzungu wa pili ni malkia, wa tatu ni kijana, wa nne ni mfalme. Anayeshangaa kuona kijana akimtangulia malkia na atazame michezo ya Ureno, ambamo malkia huhesabiwa 2, kijana 3, mfalme 4, saba ikawa 10 na ree ikawa 11. Jumla yake ni 30 kwa kila aina, 120 kwa aina zote nne. Anayetaka kushinda lazima apate 61, na ndiyo maana wa visiwani wakauita mchezo huo wahedi-u-sitini. Bila shaka msamiati huo ulipanda bara pamoja na biashara ya pwani, na baadaye kwa reli, iliyofika Mwanza mwaka 1928.

Kuna mzungu mwingine pia, ambaye hana uhusiano na Ulaya. Katika Kiswahili cha zamani mzungu, wingi wake mizungu, ni jambo la kustaajabisha, hila ya werevu. Na mizungu ni mafunzo ya siri yatolewayo unyagoni. Na mchezo wa mikono myepesi lugha hii imeuita kiinimacho. Neno hilo halimtaji mtendaji wala kiganja chake. Linaiweka hila yote ndani ya mboni ya mtazamaji, na mafundi wote wa karata duniani wangelikubali.

Kwani anayetaka kuitawala karata moja miongoni mwa hamsini na mbili ana njia nyingi, na kuchagua ndiyo kazi kubwa. Aweza kuhamisha nusu ya chini ya fungu na kuiweka juu kwa mpigo mmoja uliofichwa na kiganja. Njia hii inasifiwa mno na wanafunzi, lakini yataka watazamaji wawe mbele tu. Mtu akisimama nyuma ya bega, imekwisha. Aweza kuzichanga karata kwa uongo, nyingine zikichanganyika na moja ikibaki mahali pake. Hii ni polepole, nayo huvumilia macho ya pande zote. Au aweza asifanye lolote kwa vidole: aijue tu karata jirani, aiache iliyochaguliwa ilale kando yake, kisha wengine wakate fungu watakavyo. Mwandishi aliyejiita S. W. Erdnase, ambaye kitabu chake kilitolewa Chicago mwaka 1902 na jina lake halisi bado linabishaniwa, alishikilia kwamba hila haipaswi kutofautiana hata kidogo na mwendo wa kawaida wa mkono. Kwa kipimo hicho njia ya tatu ndiyo bora, ingawa haimpi fundi cha kujivunia. Mwenye karata tatu wa Mwanza, aliyezungukwa na watu mpaka mgongoni, hajapata kumsikia Erdnase, lakini amechagua vivyo hivyo: hila moja, ndogo, itendekayo watu wakiitazama.

Kuyatawala macho ya umati ni sanaa ambayo Wasukuma wameijengea vyama. Bagika na Bagalu, wanaonasibishwa na waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, hushindana ngoma baada ya mavuno. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevutiwa na watu wengi zaidi. Huko Bujora, ambako padri Mkanada David Clement aliasisi makumbusho ya Wasukuma, mashindano hayo huambatana na sikukuu ya Bulabo mwezi wa Juni. Bayeye hucheza na chatu shingoni. Wengine huja na sanamu, sarakasi na vituko. Miezi ya mazoezi ipo nyuma ya yote hayo, lakini umati ukihamia upande mmoja sifa huenda kwa dawa ya kiongozi. Katika uwanja wa ngoma imani hiyo haimdhuru mtu. Nje ya uwanja hali ni nyingine.

Kanuni ya kuchanga karata huku moja ikibaki mahali pajulikanapo ilielezwa kwa Kiingereza mapema mno, mwaka 1584, na aliyeieleza hakuwa mchezaji. Reginald Scot alikuwa bwana wa mashambani wa Kent, mjuzi wa kilimo cha mahopsi. Alikuwa ameona wanawake wakishitakiwa uchawi, akaandika kitabu kikubwa kuwatetea, na ndani yake akafichua jinsi karata, sarafu na vikombe vinavyohadaa macho, ili asomaye aone kuwa ajabu yaweza kufanyika pasipo shetani. Akaeleza pia washitakiwa walikuwa watu gani: vikongwe, maskini, vilema, wenye macho yenye ukungu na machozi. Mwaka 1597 Mfalme James wa Scotland alimjibu kwa kitabu chake mwenyewe, akimtaja Scot kwa jina.

Msomaji wa kando ya ziwa hawezi kuyapita macho hayo upesi. Kati ya mwaka 1970 na 1984, kwa takwimu za serikali alizozichambua Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zaidi ya watu 3,000 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, sehemu kubwa Usukumani, wanawake wakiwazidi wanaume. Mauaji hayakukoma mwaka huo. Ng'ombe amekufa, mtoto ameugua, fedha imepungua dukani. Mganga hupiga ramli, na macho ya watu huelekea kwa mjane mwenye macho mekundu. Hata leo mchuuzi ambaye fedha yake hupungua kila jioni husema amepigwa chuma ulete, na halitazami kwanza daftari lake, wala kijana anayemwachia duka. Naye yule abiria wa stendi, aliyerudi kijijini bila ada, atawaambia wake kwamba alirogwa mjini. Kauli hiyo humwokoa na aibu, na huiongezea imani ile shahidi mmoja.

Mekundu hayo nayo yana njia iliyopita, na njia hiyo yafuatika hatua kwa hatua kama karata. Pori la Usukuma lilifyekwa ili kumfukuza mbung'o na kupata mashamba. Pamba ikaenea, ng'ombe wakaongezeka, miti ikawa mbali. Vijiji vya mwaka 1974 vikawasogeza watu karibu karibu, jirani akaona mlango wa jirani. Mwanamke aliyekosa kuni akapikia mabua ya pamba na samadi kavu, ndani ya nyumba isiyo na dirisha, asubuhi na jioni, kwa miaka arobaini.